Mwalimu Mahfoudh Hachori Uso

Nadhira ananusa. Nnaanza na hilo kwa sababu watu wakimwelezea huanza na vyeo: daktari wa historia ya sanaa, mwandishi wa kitabu, binti wa Mwalimu Mahfoudh mchoraji na Bi Zuleikha aliyekuwa akitunga michezo ya redio. Yote kweli. Lakini mimi Bashira nimelala naye kitanda kimoja utotoni, mama zetu ni ndugu khasa, baba mmoja mama mmoja, na nnakwambieni kabla ya vyeo vyote hivyo Nadhira alikuwa na pua. Ukimpa halua, ananusa kwanza. Ukimpa kitabu kipya, ananusa. Ukimpa salamu iliyo nzuri kidogo kuliko ya jana, anakutazama mikono, umeshika nini.

Pua hiyo ndiyo iliyompa kazi. Mji Mkongwe una uongo mwingi, tusidanganyane. Sanduku limetoka kwa seremala mwezi uliopita, linapakwa rangi ya viatu, linafukiwa mchangani, likifukuliwa linaambiwa la zama za masultani. Picha ya juzi inaroweshwa chai kavu isiyo maziwa, inaanikwa juani, inakuwa ya kale. Nadhira anaingia dukani, hasemi neno, anaigeuza picha anaitazama mgongo kabla ya mbele, anaipitisha puani, anairudisha ukutani. Akishatoka, mwenye duka anabaki anajipepea. Wapo ambao wakimwona anapinda kichochoro cha kwao wanafunga mlango wakaenda kusali, na wala adhana haijalia.

Pua hiyohiyo ilimvunjia nyumba. Mumewe, Usi, mtu mpole, anarudi kazini anavua kanzu, mkewe anaidaka, ananusa kola, anaigeuza nje ndani. Maskini alivumilia miaka. Siku alipokuja kuaga alimwambia baba mkwe wake, "Mwalimu, mimi si picha." Tukacheka mpaka machozi, na Mwalimu Mahfoudh akacheka kutushinda sote. Leo nikikikumbuka kicheko kile nnapandwa na hasira. Duniani alikuwapo mtu mmoja tu ambaye Nadhira hakuwahi kumnusa, na ndiye yule aliyekuwa akicheka.

Mwalimu alisomesha kuchora skuli mpaka alipostaafu, na wengi mnamjua kwa migongo. Wanawake wa mabuibui kwa nyuma, wanakwenda zao. Wanaume barazani wamejificha nyuma ya magazeti. Watoto wameinamia gololi, unaona visogo tu. Uso hamna. Nadhira alikwenda kusoma Ulaya, na akaandika kitabu kizima juu ya nyuso zile zisizokuwapo. Aliandika kwamba baba yake ni mcha Mungu, hataki kushindana na Muumba, na kwamba katika kuikimbia sura ya mtu amegundua namna ya kumchora mtu kwa mabega na visigino. Kitabu kilipendwa. Wanafunzi wakakariri, watembeza wageni wakakariri, hata muuza kahawa wa mtaani kwao ukimuuliza atakwambia: "Mwalimu Mahfoudh? Yule hachori uso."

Na kila Alkhamisi Mwalimu huyo alichukua sanduku lake la rangi akaenda Kizimkazi kuchora msikiti wa kale. Analala huko, Ijumaa jioni anarudi na samaki. Zaidi ya miaka ishirini alikwenda hivyo. Alipofariki tukazitafuta hizo picha za msikiti. Zilikuwa tatu. Nadhira akasema baba yake alikuwa mtu wa kutafuta ukamilifu, akichora akifuta. Mimi nikasema moyoni, makubwa haya! Lakini sikutamka, maana nani aanze?

Basi mwaka jana Nadhira alikuwa akitayarisha maonyesho makubwa ya kumkumbuka baba yake. Mimi ni fundi cherehani, nnakaa Mpendae, nikawa nashuka mjini kila siku kumshonea mapazia ya ukumbi. Siku moja tunapima vitambaa, simu ikalia. Ni Ahmada, mwenye duka la picha. Akasema, "Bi Nadhira, fanya hima uje. Na uje na mtu."

Tulimkuta kafunga mlango wa mbele. Chumba cha nyuma alikuwa kazisimamisha mbao kadhaa ukutani, kazifunika shuka. Alipoivuta shuka nilisikia Nadhira akivuta pumzi.

Zilikuwa nyuso. Uso mmoja, kwa kweli, unakua. Ubao wa kwanza mtoto mchanga kafungwa kanga. Wa pili keshaota meno, anacheka, kashika bakuli. Kisha mtoto wa chuoni, wa kusoma Kurani, na mtandio mweupe. Kisha kijana. Wa mwisho mwanamke mzima, anakutazama ndani ya macho, na nyuma yake unaona kipande cha msikiti wa Kizimkazi.

"Mimi siziuzi, na mwenyewe hauzi," Ahmada akasema haraka, maana anamjua mgeni wake. "Kaja nazo msichana wa Kizimkazi, anaitwa Mwanamkasi. Mama yake kafariki juzijuzi. Kaniomba kitu kimoja tu, nikuite uzitazame, useme ni mkono wa nani."

"Yeye anasema ni mkono wa nani?" Nadhira akauliza.

Ahmada akajikuna kichwa. "Anasema wa baba yake. Na baba yake anamtaja Mwalimu Mahfoudh."

Nadhira aliusogelea ukuta. Akauchukua ubao wa kwanza, akaugeuza mgongo, akaupeleka puani. Nami nilikuwa karibu, nikaisikia: karafuu. Mwalimu akichora polepole, na ili rangi isimkaukie akiitia tone la mafuta ya karafuu. Nyumba yao yote ilinuka hivyo, na mimi mpaka leo nikifungua kopo la viungo nnamuona yeye.

Tulipotoka nilimshika mkono kichochoroni. "Nadhira, yule mtoto ana paji lako la uso."

"Mafuta ya karafuu yanauzwa kila mahali," akanijibu.

"Mimi sikusema karafuu. Nimesema paji."

"Bashira, watu wanatengeneza! Wamekisoma kitabu changu, habari za karafuu wamezikuta humo. Paji langu wamelikuta mtandaoni. Mnyororo mzima unaonekana."

"Sawa. Na mtu mwenye akili za kutengeneza uongo mzuri hivyo, akakisoma na kitabu, atatiaje uso hali anajua babaako hachori uso?"

Alisimama. Nikadhani nimemshinda. Akanikazia macho akasema, "Basi ndio ujanja wenyewe huo."

Lo! Mtu kama huyu utambishia mpaka lini?

Na tusimlaumu peke yake, maana mambo yenyewe yalikuwa mazito. Akisema mkono ni wa baba yake, basi Mama Mkubwa Zuleikha kaishi na mke mwenza miaka yote ile. Nyumba ya mjini iliyokwisha kurithiwa ina mrithi mwengine. Na kitabu ndio hakina maana tena. Akisema mkono si wake, basi kuna msichana Kizimkazi hana baba. Yote hayo yanangoja neno moja kutoka kinywani mwa Nadhira. Mimi mwenyewe nilikuwa nikishuku kuwili. Asubuhi namshuku yule msichana kuwa anaitaka nyumba, jioni namshuku marehemu na Alkhamisi zake.

"Twende tukamuone huyo Mwanamkasi," nikamwambia.

"Siendi. Nikimuona nitamhurumia, na ukishahurumia huchunguzi tena."

Akazichunguza zile mbao kwa taa, kwa kioo cha kukuzia, kwa picha nyengine za babake zimewekwa sambamba. Mipigo ya brashi ni ileile. Kanga zimekunjika vilevile. Kila alipokuta kitu kinachofanana, uso wake ulizidi kukunjamana, kana kwamba kufanana ndiko kulikomthibitishia wizi. Akanambia, "Hakuna kitu halisi kinachofanana hivi." Nikaendelea na pindo langu.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Redio ikaja, wakubwa wakaja, wanafunzi wakakaa chini. Mtu mmoja akauliza kama ni kweli kuna picha mpya za Mwalimu zimeonekana, maana mji wetu siri hailali. Nadhira akakisogelea kipaza sauti. Sauti yake ilikuwa imetulia kabisa.

"Nimeziona. Ni bandia. Baba yangu hakuchora uso wa mtu tangu aliposhika brashi. Picha yenye uso si yake, na anayeileta kwa jina lake namwambia amche Mungu."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga pia. Kesho yake Ahmada akamrejeshea msichana mbao zake.

Usiku ule wa maonyesho tulirudi nyumbani kwao Nadhira na sambusa zilizobaki, tunacheka. Mama Mkubwa alikuwa juu, kakaa na redio yake. Miguu haimchukui tena ngazi, lakini masikio yake ni ya mtunzi wa redio, hayaachi kitu. Tukamwamkia. Akaitika, kisha akasema, "Nani kakwambia babaako hachori uso?"

Nadhira akacheka. "Mama, dunia nzima inajua."

"Dunia nzima umeiambia wewe. Mimi nnakuuliza wewe nani kakwambia?"

 Sambusa zikabaki mkononi.

"Alikuwa akichora nyuso vizuri sana babaako," Mama Mkubwa akasema. "Ulikuwa hujatimiza miaka mitatu. Akakuchora umekaa hapo chini, na gauni lako la kijani. Macho yale, utadhani yatafumba. Haikupita siku mbili ukapata degedege. Tukakukimbiza hospitali, unakauka mikononi mwangu. Bibi yako akasema mtoto kachukuliwa kwa ile picha. Sasa mimi ningefanya nini? Nilikuwa msichana mdogo na wewe unakufa. Nikaitia picha motoni. Nikamshikisha Mahfoudh msahafu, aape hatachora tena uso wa mtu ndani ya nyumba hii. Akaapa. Na alikuwa mtu wa kiapo. Humu ndani hakuchora hata jicho la samaki."

Mimi ndiye niliyeuliza, mdomo wangu huu. "Na Kizimkazi, Mama Mkubwa?"

"Kizimkazi sikumuapisha."

"Ulikuwa unajua?" Nadhira akasema kwa sauti ndogo.

"Hiyo pua umeirithi kwa nani, mwanangu? Kila Ijumaa kanzu inarudi imefukizwa udi ambao si wangu. Nikaifua, nikaianika. Nimetunga wake wenza wa redioni hata nikachoka, wote wanapiga makelele. Wangu nikaona niucheze kimya."

Sasa hapo mtu wa kawaida angelia, au angeondoka usiku uleule. Nadhira alinivuta jikoni akanambia, "Mama keshakuwa mtu mzima. Anachanganya na michezo yake."

Nilitamani kumpiga na mwiko. Wallahi nilitamani.

Wiki nzima alimchunguza mamaake kama duka la vitu vya kale. Asubuhi atamuuliza gauni lilikuwa rangi gani. Jioni atamuuliza tena, kwa kumzungusha, "Lile gauni la buluu." Na yule mama anajibu, "La kijani." Daktari alikuwa nani? Moto uliwashwa wapi? Bibi alisema nini khasa? Majibu hayageuki. Nami kila nikija kutoka Mpendae nnamkuta kazidi kukonda, kitabu chake kiko wazi mbele yake na kalamu, hajaandika kitu. Nikamwambia kule Kizimkazi kuna mtu ameitwa tapeli redioni. Akasema, "Bado sijahakikisha."

Siku ya saba au ya nane Mama Mkubwa akachoka. Hakumkaripia. Alisema tu, "Nilipoitia motoni ilianza kuungua pembeni. Uso ukabakia mwisho. Nikafumba macho nisikuone unaungua. Mpaka leo nnajuta, maana ulikuwa mzuri sana pale, Nadhira. Alikupenda mno kwenye picha ile."

Nadhira alikaa chini sakafuni, mtu na udaktari wake, akalia kama mtoto. Alikuwa akirudia neno moja. "Kumbe alinichora. Kumbe alinichora." Nilikaa naye chini. Hapo ndipo nilipojua kilichokuwa kikimuuma tangu siku ya duka la Ahmada, na wala hakikuwa nyumba wala kitabu. Ni kuona baba yake kakaa akiuchora uso wa mtoto mwengine mwaka hata mwaka, na yeye hana hata mmoja.

Alipopangusa machozi akasema, "Kesho twende Kizimkazi. Nitakwenda kumwambia nimekosea. Nitasema na redioni pia."

Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Nitaanza hivi, nitasema hivi, nitamuomba radhi kabla sijakaa. Alichukua na kanga mpya, doti nzima, na picha ya baba yake. Nilimuona kafurahi kwa hofu. Akaniuliza, "Ataniitaje, unafikiri? Da Nadhira?" Nikamwambia akimwita tapeli atakuwa na haki yake. Akacheka kidogo.

Tuliuliza dukani, tukaoneshwa nyumba ya mawe yenye mwani umeanikwa uani. Msichana akatoka anajipangusa mikono. Subhanallah. Kama paji lile ni la kutengenezwa, basi na mwendo umetengenezwa, na namna ya kuinamisha kichwa upande anapokutazama. Nadhira yuleyule wa ujana wake.

"Shikamooni."

"Marahaba," tukaitika.

Nadhira akafungua kinywa. Yote aliyoyapanga njiani hayakutoka hata moja. Msichana akamtangulia.

"Wewe ndiye Bi Nadhira. Sauti yako nnaijua, nlikusikia redioni." Hakuwa na kinyongo, jamani. Alikuwa kachangamka, kama mtu aliyekuwa akitusubiri. "Ngojeni kidogo, msikae bado. Ziko tayari. Nlikuwa nnafikiri kesho nizilete tena mjini, na nyinyi wenyewe mmekuja."

Akaingia ndani mbio. Tukasikia mbao zinagongana. Akazitoa mbili mbili, akazisimamisha ukutani, moja moja, kwa mpangilio wake, kutoka ule wa mtoto mchanga. Kisha akasogea pembeni tupate kuona.

Nyuso hazikuwapo. Mitandio ipo, mabega yapo, mikono imeshika bakuli, msikiti uko nyuma pale. Lakini kwenye kila ubao, pale mahali pa uso, palikuwa na ubao mtupu, mweupe, laini.

"Nlisikia ulivosema kuwa baba hachori uso," akasema Mwanamkasi. "Mimi nlikuwa sijui. Nlikuwa nazijua hizi zangu tu, na Mama naye hakunambia. Nikasema, ah, basi kosa liko hapo. Nikachukua msasa wa mjomba wa kusugulia boti, nikaziondoa zote. Ile ya utotoni ilikuwa ngumu kweli, rangi yake nene." Akamgeukia Nadhira, akainamisha kichwa upande. "Hebu zitazame tena, dada. Sasa si zake?"

Sikuweza kumtazama Nadhira. Nilitazama mwani.

"Zake," nikamsikia anasema.

"Kweli?"

"Zake. Baba yetu."

"Alhamdulillahi!" Msichana akapiga kofi moja, akacheka, machozi yakamtoka hapohapo, akakimbilia uani akawaita majirani kwa sauti. "Njooni! Njooni mtazame! Ni za baba! Kasema mwenyewe dada!"

Wakaja. Wanawake na watoto, na mjomba mwenye msasa. Mwanamkasi akawa anawapitisha mbele ya mbao, huyu mimi mchanga, huyu mimi wa chuoni, huyu mimi. Kila aliyemaliza kutazama alikuja kumpa Nadhira mkono wa hongera, naye akaupokea.